Somo: Kuunda impela isiyoliwa na kavitesheni

Naandika haya mara moja kwa sababu kila juma naletewa impela, yaani gurudumu la mapanga lizungukalo ndani ya pampu, iliyotoboka kama sega, na mwenyewe akishikilia kuwa imeliwa na chumvi ya Gongoni. Chumvi ina makosa yake, lakini mashimo makali yaliyojikusanya mwanzoni mwa mapanga huchimbwa na viputo vya mvuke vinavyosinyaa ghafla juu ya chuma; hiyo ndiyo kavitesheni.

Hatua ya 1. Piga hesabu ya mfyonzo. Malindi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo uzito wa hewa hutupa msukumo wa takriban mita 10.1 za maji ya bahari. Toa mita 0.4 za msukumo wa mvuke wa maji katika nyuzi 30, kisha kimo cha kufyonza na upotevu wa bombani. Pampu iliyo mita 4 juu ya maji, yenye bomba linalopoteza mita 1.5, hubakiwa na mfyonzo wa mita 4.2. Kiwango cha chini cha mfyonzo anachotoa mtengenezaji hupimwa pampu ikiwa imekwisha kupoteza asilimia 3 ya kimo chake cha kusukuma maji, hivyo acha nafasi ya kutosha juu yake.

Hatua ya 2. Mapanga 5 hadi 7 yatosha. Yakizidi huziba jicho, yaani tundu la katikati ya impela maji yanapoingilia.

Hatua ya 3. Ncha ya mwanzo wa panga iwe na umbo la duaradufu, isiwe butu.

Hatua ya 4. Jicho. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimpanulia jicho mwenye mabwawa ya chumvi ili maji yaingie polepole, na siku ya majaribio pampu ilifanya kazi kimya kabisa. Mabwawa yalipojaa akabana vali hadi nusu, pampu ikaanza kulia kama kokoto ndani ya debe. Nikaishusha karibu na maji, bila faida. Nilipoingiza kioo kidogo cha kunyolea nikaona mashimo yako upande wa panga unaosukuma maji, ambao jicho la mtu halifiki. Upungufu wa mfyonzo hula upande wa pili, ule unaoonekana. Usipanue jicho kabla ya kujua pampu itabanwa kiasi gani.

Hatua ya 5. Chuma cha kusubu huliwa upesi. Shaba nyeusi yenye nikeli na alumini hustahimili zaidi.

Swali: Fundi, yangu inalia. Niweke chuma gani?
Jibu: Kimo chako cha kufyonza ni mita ngapi? Soma hatua ya 1 kwanza.

Swali: Samahani, mwalimu. Ikiwa mwendo wa maji umepungua, viputo vyatoka wapi?
Jibu: Umeuliza vyema, bwana. Pembe ya panga hufaa kiasi kimoja cha maji. Yakipungua sana, baadhi yake hurudi nyuma kupitia ukingo wa jicho na kufanya kizingia, yaani maji yazungukayo kwa kasi, na katikati ya kizingia kanieneo (msukumo wa maji) hushuka hadi maji yakageuka mvuke. Jicho likiwa kubwa, hali hiyo huanza mapema.

Swali: Yangu ilikuwa kimya mwaka mzima, sasa inalia. Impela ni ile ile.
Jibu: Toa kichujio cha bomba la kufyonza ukitazame. Chaza na mwani wakikishika, ile mita 1.5 ya upotevu huongezeka pasipo mtu kugusa pampu. Mimi hukikwangua kila maji ya bamvua yanapokupwa.