Kuteleza kwenye theluji Bansko kwa bei nafuu: nenda katikati ya wiki

Kwa mlio Ulaya mnaotamani theluji lakini bei za Uswisi zinawatisha: nendeni Bansko, Bulgaria, mfike Jumapili jioni na kuondoka Ijumaa. Mji una gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo) moja kuu ya kupanda mlimani, na Bansko iko kama saa tatu kwa basi kutoka Sofia, kwa hiyo wikendi watu wa jiji wanamiminika na foleni ya asubuhi inaweza kula saa nzima ya tiketi uliyolipia. Katikati ya wiki unapanda mapema, na vyumba vingi hushuka bei. Kodini viatu na mbao za kutelezea mjini kule chini, jioni mle kavarma (mchuzi mzito wa nyama na mboga) ya moto ndani ya chungu kwenye mehana, yaani mikahawa ya kienyeji, za mji mkongwe. Bulgaria imo kikamilifu ndani ya Schengen tangu 2025, kwa hiyo viza ya Schengen inatosha, na sasa wanatumia yuro.

Mbinu hii haifai wiki za likizo za shule mwezi Februari, wala karibu na 3 Machi, sikukuu yao ya taifa. Siku hizo Jumanne hujaa sawa na Jumamosi.