Jinsi Marafiki Wanavyoweza Kujiandaa kwa Mbio za Kupokezana za Michezo Mchanganyiko

Marafiki watatu au wanne wanapojiandikisha pamoja kwa mashindano yanayounganisha kukimbia milimani, kuendesha baiskeli na kupiga makasia katika kayaki, kwa kawaida kila mmoja hupewa kipande cha mchezo anaoupenda. Utaratibu huo una kasoro yake, kwa kuwa kupenda mchezo ni jambo moja na kuumudu katika njia iliyopangwa na waandaaji ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyezoea kayaki katika ziwa lililotulia huenda hajawahi kupinduka katika mto unaokwenda kasi, wala hajui kujitoa ndani ya chombo akiwa kichwa chini. Coast to Coast ya New Zealand, mashindano yaliyoanza mwaka 1983 na yanayovuka kisiwa kutoka pwani moja hadi nyingine kwa umbali wa kilomita 243, humtaka anayeshika kayaki awe na cheti cha kuthibitisha kwamba anaumudu mto. Kwa hiyo someni kwanza maelezo ya njia na kanuni za usalama, mgawane vipande baadaye, na kipande chenye hatari kubwa zaidi apewe mwenye uzoefu nacho hata kama kuna mwenzake mwenye nguvu kumzidi.

Wiki 12 za mazoezi zinawatosha watu ambao tayari hufanya mazoezi mara kwa mara. Anayeshindana peke yake hulazimika kubana nguvu zake ili zimfikishe mwisho, ilhali mwanatimu wa kupokezana ana kipande kimoja tu na anatarajiwa kukimaliza akiwa hana akiba. Mazoezi yake, basi, yawe na kasi zaidi: mara mbili kwa wiki afanye vipindi vya nguvu, kwa mfano vipindi vinne vya dakika 8 vyenye mapumziko ya dakika 3 kati yake, na mara moja afanye zoezi refu la mwendo wa kawaida katika ardhi au maji yanayofanana na yale ya siku ya mbio. Siku 10 za mwisho punguzeni urefu wa mazoezi bila kuiacha kasi kabisa.

Zoezi ambalo timu nyingi hulisahau ni la kusubiri. Mpokeaji huweza kukaa saa tatu kando ya njia, akipigwa na upepo, kisha akatakiwa kuondoka kwa kasi ndani ya sekunde chache. Mwili uliopoa haukubali jambo hilo kwa urahisi, na misuli ya nyuma ya paja ndiyo hulalamika kwanza. Angalau mara mbili kabla ya mbio, kaeni nje saa mbili mkiwa na mavazi ya mashindano chini ya nguo nzito, mpashe mwili moto kwa dakika 15, halafu mwondoke kwa kasi ileile mliyopanga. Hapo ndipo kila mmoja atakapojua kama chakula alichokula kinamkaa vizuri. Kwa kuwa saa ya kuanza haijulikani kwa uhakika, ni afadhali mlo mkubwa uliwe mapema, kisha mtu aendelee na vitu vidogo vyepesi. Akishaanza, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa humtosha katika kipande kinachozidi saa moja na nusu.

Ili mpokeaji asipashe mwili mapema mno wala asikutwe amelala, kila mshiriki aandike makadirio matatu ya muda wake: siku njema, siku ya kawaida na siku mbaya. Mpokeaji awe tayari kabisa ifikapo saa ya siku njema. Msitegemee simu, kwa sababu mabondeni mara nyingi hakuna mtandao.

Makabidhiano yenyewe yanastahili kufanyiwa mazoezi kama mchezo wa nne. Katika mbio nyingi hakuna kijiti. Kinachopokezanwa ni chipu ya kurekodia muda, ambayo hufungwa kifundoni kwa mkanda wa kunata. Katika mbio zetu za kwanza mwenzetu wa kayaki aliifunga chini ya soksi yake ya mpira ili isichukuliwe na maji, na alipofika ufukoni vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alivuta, akavuta tena, soksi ikagoma, mimi nikapiga magoti matopeni nikiivua huku timu tatu zikitupita. Tangu hapo tuna desturi moja: chipu hukaa juu ya kila vazi, na anayeifungua ni mpokeaji, kwa sababu yeye ndiye mwenye vidole vikavu. Anayepokea kwa baiskeli awe amekwisha kufunga kofia ngumu kidevuni kabla ya kuigusa baiskeli, kwani mashindano mengi hutoa adhabu kwa kosa hilo.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema: orodha ya lazima hutolewa na waandaaji, nanyi mkaguane usiku uliotangulia, si asubuhi. Mwendesha baiskeli pekee ndiye ninayemsisitizia jambo, kwamba abadilishe tyubu peke yake mara tano nyumbani, akiwa amevaa glavu, hadi aweze kumaliza bila kufikiri.

Kubalianeni mapema pia nani mwenye kauli ya mwisho iwapo mmoja atajeruhiwa au mto utajaa, kwa maana wakati wa tukio kila mtu huona aibu kuwa wa kwanza kusema tuache.

Pangeni vilevile safari ya gari. Aliyemaliza kipande chake avae nguo kavu mara moja, ale, kisha asaidie kupakia vifaa ili gari litangulie kituo kinachofuata. Ufunguo wa gari usiwe mikononi mwa mshiriki yeyote aliye njiani. Apewe msaidizi asiyeshindana, auvae shingoni kwa kamba tangu alfajiri.