Kabla Hujabadilisha Eya Klina ya Pikapu Kuukuu

Pikapu yangu ni Hilux ya injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kazi yake ni viazi: kuvitoa Mau Narok hadi Nakuru, na wiki nyingine kuvishusha Kisumu, soko la Kibuye. Nilipoinunua ilikuwa imeshachoka. Nikipanda Mau Summit na magunia, matatu zilinipita huku makanga wakinipungia mkono. Kijana wa duka la spea akaniambia gari linakosa pumzi, akaniuzia eya klina, yaani filta ya hewa, ya kitambaa yenye umbo la pia, ile inayokaa wazi chini ya boneti bila kasha.

Sauti ilipendeza, sikatai. Nikatembea nayo Januari na Februari, vumbi la Mau Narok likiwa kama unga wa ngano. Machi injini ikaanza kula oili. Fundi wangu akafungua hosi iliyo kati ya filta na injini, akaingiza kidole, akakitoa kimepakwa vumbi la rangi ya chai ya maziwa. "Mama," akasema, "hii ndiyo inasaga ringi zako za pistoni kila siku." Akaniwekea kidogo kiganjani, nisugue. Kilikuwa kinakwaruza kama msasa.

Kwa hiyo anza na moshi kabla ya duka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na filta mpya haitaiponya. Moshi mweusi mlimani maana yake mafuta yamezidi hewa. Hapo kagua filta iliyoziba, ila pia nozeli zinazonyunyiza dizeli na pampu inayoisukuma. Kama hutoi moshi mweusi, injini ina hewa ya kutosha kwa mafuta inayopewa, maana kwenye dizeli hizi za zamani pampu ndiyo inayopima nguvu. Ukiiongezea hewa tu, utapata kelele. Tena kumbuka Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, na hakuna filta itakayoirudisha hiyo. Tabo ingeirudisha, lakini hayo ni mazungumzo ya mfuko mwingine.

Kitu cha pili ni joto. Filta iliyo wazi inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini. Hewa ya digrii 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya digrii 30. Kasha la kiwandani, pamoja na bomba lake linalochota hewa nje, linakuletea hewa baridi bure. Lako likiwa limetupwa, tafuta jingine kwa wanaouza spea za magari yaliyovunjwa, na usikubali lenye ufa au klipu zilizolegea.

Filta ya karatasi nayo ina ujanja wake. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha kimo, tundu la katikati na raba ya ukingoni. Raba ikiwa ngumu kama plastiki, iache. Hesabu mikunjo ya karatasi, maana za bei ya chini huwa na michache, iliyopinda na gundi iliyomwagika. Ukishaifunga na kutembea siku chache, ifungue: raba iwe imeacha alama kamili ya duara kwenye kasha. Alama ikikatika, vumbi linapita hapo. Injini hii ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inaweza kumeza karibu lita 4,000 za hewa, sawa na mitungi 200 ya lita 20, kila dakika. Pengo la upana wa kijiti cha kiberiti si dogo.

Pesa iliyonifaa niliiweka kwenye snokeli, bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Inachota hewa usawa wa paa, ambako vumbi la gari lililo mbele limepungua. Hakikisha kwanza eya klina yako iko upande gani, maana tundu kwenye bawa, lile bati la juu ya tairi la mbele, likishakatwa halirudi. Kingo za bati zipakwe rangi siku hiyo hiyo kabla kutu haijaanza. Kama njia zako ni za vumbi zaidi ya lami, juu yake weka kile kichwa cha kuzungusha hewa chenye kikombe cha kukusanyia vumbi. Mimi humwaga changu kila Jumamosi.

Usidanganyike kwamba snokeli inakupa ruhusa ya kuingia mafuriko ya Ahero. Kila kiungo kisipozibwa, pamoja na tundu la kutolea maji chini ya kasha, maji yatapita huko huko. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, mkono wake unapinda.

Na ukipuliza filta kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali. Usiigonge kwenye tairi. Baadaye washa tochi ndani yake gizani: ukiona nukta moja ya mwanga mkali, nunua nyingine. Mimi natembea na kitambaa cheupe kwenye dashibodi, na kila nikibadilisha oili nafuta ndani ya hosi. Mara ya mwisho kilitoka cheupe, nikakirudisha bila kukifua.