Jinsi ya kubuni mbao ngumu ya jeshi la nchi isiyokuwepo, na msomaji akubali

Kama unaandika komiki ama unatengeneza gemu na nchi yako ya kubuni inapigana na mbao badala ya chuma, usianze na ile mbao, anza na shida. Kwa nini hawatumii chuma? Tuseme nchi inaitwa Sirambe, ina misitu hadi basi lakini chuma yote inatoka kwa jirani, na jirani amefunga mpaka. Hapo sasa mbao iko na sababu. Waingereza walijenga ndege ya vita ya Mosquito, ikaruka mara ya kwanza Novemba 1940, kwa mbao nyepesi ya balsa katikati na plaiwudi ya birch (mti wa nchi za baridi) nje, kwa sababu alumini ilikuwa inagombaniwa na mafundi wa fanicha walikuwa wapo tu. Yaani fikiria hawa majamaa wa vitanda wa Ngong Road hapa Nairobi wanaambiwa kuanzia Jumatatu ni mabawa.

Alafu amua mbao inapata nguvu aje, na hapa usiseme uchawi, kuna njia za ukweli unaeza kopi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walichemsha mbao kwa soda kali na sodiamu salfaiti kupunguza ile lignini inayoshikilia nyuzi, kisha wakaikandamiza kwa mashine yenye joto mpaka unene ukabaki kama moja ya tano, na nguvu ikapanda zaidi ya mara kumi. Njia ingine ni ya Wasovieti kwa ndege ya vita ya LaGG-3, unachukua mbao nyembamba za birch unaziloweka kwa resini ya fenoli, yaani gundi ya kemikali, unazibana pamoja zikiwa moto.

Chagua moja na uifuate mpaka mwisho manake kila njia inaleta shida zake, na hizo shida ndio stori. Ukikandamiza mbao hivyo uzito unafika kama gramu 1.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Chuma ni karibu 7.8 kwa hivyo bado umeshinda, lakini maji ni 1, so hii mbao inazama!! Boti ya Sirambe ikipasuka hakuna ubao wa kushikilia, mabaharia wao wanajua hivyo na wanaogopa. Waandishi wengi wanasahau hii kitu, wanaandika mbao ngumu kama chuma na bado inaelea kama kizibo.

Gundi nayo usiipite haraka, mimi naona ndio roho ya maneno yote. Gundi ya kwanza ya Mosquito ilikuwa ya kasini, inatoka kwa maziwa, na haikuvumilia unyevu vizuri, wakahamia gundi ya kemikali ya fomaldehaidi. Wasovieti nao resini yao walikuwa wanaitoa Ujerumani, nchi ileile iliyowavamia 1941. Kwa hivyo jiulize Sirambe inatoa gundi wapi, nani anaiuza, na siku akikataa itakuwaje. Hapo uko na jasusi, uko na mfanyabiashara wa magendo, uko na jenerali anasema uongo kuhusu stoo.

Moto na mchwa taja kidogo tu, msomaji anajua mbao inaungua.

Ukimaliza rasimu enda soko ya Gikomba, Nairobi, upande wa mbao, siku haina mvua juu matope ya huko si mchezo, utafute fundi mzee ambaye hana haraka. Usimwambie habari ya jeshi, mwonyeshe tu mchoro wa ile ngao ama bawa na umuulize, "Mzee, hii ikigongwa itapasukia wapi?" Ataweka kidole mahali ubao umekatwa nyuzi zikipita upande, ama pale kwa maungio. Hapo ndipo adui wa Sirambe apige.