Mafuta ya chipsi kuwa dizeli: anza na madumu, mtambo baadae

Kila anayeniuliza kuhusu hii biashara anaanza na mtambo bei gani, mi namuuliza una vibanda vingapi vya chipsi vya kukupa mafuta kila wiki? Maana pesa inapotelea kwenye kukusanya.

Zunguka mtaani kwako, ongea na wauza chipsi na wakaanga samaki, waachie dumu la lita 20 lenye mfuniko unaobana, wasubiri mafuta yapoe ndo wamimine, na dumu lisinyeshewe. Walipe vizuri jamani, ukiwapunja watamuuzia anayeyarudisha sokoni watu wakapikie tena.

Na usilipe kwa kuangalia juu tu, maji yanakaa chini. Nilishalipia madumu manne, kufika home namimina, robo nzima maji na makombo ya viazi. Sasa hivi natembea na mpira mwembamba msafi, naziba juu kwa kidole gumba, nauzamisha mpaka chini, naachia, naziba tena, natoa. Hayo ya chini naweka kidogo kwenye kijiko juu ya moto nikikaa mbali, yakipasuka pa pa pa yana maji, na maji yatakugeuzia kazi yote kuwa sabuni.

Nyumbani chuja, pasha mpaka nyuzi 110 hivi mapovu yaishe, acha yashuke hadi 55. Sasa pima ukali wake, yaani asidi iliyomo: gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa (distilled water), halafu mafuta mililita 1 ndani ya spiriti ya isopropili mililita 10 na unga wa binzari ya manjano kidogo, dondoshea ile kostiki kwa bomba la sindano mpaka rangi iwe nyekundu na ibaki. Zikiingia mililita 2, jumlisha 3.5 (kiwango cha mafuta mapya), yaani gramu 5.5 kwa kila lita ya mafuta, lita 100 ni gramu 550.

Hiyo kostiki kavu yeyusha kwenye methanoli (aina ya spiriti) lita 20 kwa hizo lita 100, NJE, chombo kimefungwa, glavu na miwani, hakuna moto karibu. Methanoli inapofusha na inaua, sio kitu cha jikoni kabisa. Changanya na mafuta, koroga saa nzima, acha ilale usiku. Asubuhi gliserini nyeusi imekaa chini, itoe, usimwage mtaroni, dizeli ya juu ioshe kwa maji taratibu mpaka maji yatoke safi, kisha ikaushe.

Mwanzoni changanya lita 1 kwa lita 4 za dizeli ya kawaida, na uwe na filta ya akiba, maana hii dizeli yako itang'oa uchafu wa zamani kwenye tenki.