Kutunza Daftari la Nasaba la Ng'ombe wa Mpwapwa Mkoani Tanga

Ng'ombe wa Mpwapwa alizalishwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya zebu wetu na damu ya mbari za Sahiwal, Red Sindhi, Boran na Ayrshire, ili mfugaji wa maeneo makavu apate maziwa na nyama kwa mnyama mmoja. Leo wamebaki wachache, na huku Tanga, ambako wengi hutamani chotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa, mnyama asiyeandikwa asili yake hupotea ndani ya kundi akiwa hai.

Anza na hereni, yaani kibandiko cha namba kinachovishwa sikioni. Kila mnyama apewe namba moja ya maisha, na namba hiyo isirudiwe hata akifa. Niliwahi kukabidhiwa daftari la zizi moja lenye madume wawili walioitwa Simba, wa kwanza akiwa amechinjwa kabla wa pili hajanunuliwa, na watoto wa wote wawili wameandikwa tu "baba: Simba". Mzee mwenye zizi nami tulishinda kutwa tukipitia mtamba mmoja mmoja, yeye akinionyesha nundu na mkunjo wa pembe, lakini sita kati yao hatukuweza kuwaamua. Niliandika "baba hajulikani", nami naona ndivyo inavyopasa, kwa maana jina la kubahatisha hurithiwa na kila kizazi kitakachoandikwa chini yake.

Ndama aandikwe siku aliyozaliwa: tarehe, jinsia, namba za wazazi, rangi na mabaka ya pande zote mbili, pamoja na jina la aliyeshuhudia. Kisha hesabu siku tangu mama alipopandwa. Mimba huchukua takriban siku 285. Ndama akichelewa kwa siku 21 hivi, yaelekea mama alirudi kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, akapandwa tena, pengine na dume la jirani. Kwa uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu za mrija badala ya dume, nakili namba iliyo kwenye mrija wa mbegu kabla haujatupwa.

Daftari likishajaa, litumike kuchagua madume. Ili kujua upana wa damu, yaani kundi lina tofauti za damu sawa na za wanyama wangapi, zidisha 4 kwa idadi ya madume, kisha kwa idadi ya majike wanaozaa, halafu gawanya kwa jumla ya madume na majike hao: majike 20 wenye dume 1 wana upana wa damu wa wanyama wasiofika 4, ilhali wakipandwa na madume 4 unafika 13. Farasi wa Przewalski, farasi-mwitu wa Asia waliokuwa wametoweka porini kabisa, walirudishwa Mongolia mwaka 1992 kwa kupandishwa kwa uangalifu wa namna hiyo, wakifuatwa katika kitabu cha nasaba kinachotunzwa Prague tangu 1959.

Kosa lisifutwe, likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, pembeni pawekwe tarehe na jina la aliyesahihisha. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine, mbali na mchwa na unyevu wa pwani. Mnyama akiuzwa, mnunuzi apewe ukurasa wenye vizazi vitatu, nawe uandike amekwenda kijiji gani.