Bunduki ya Upepo ya Shabaha: Mwongozo kwa Watu wa Kanda ya Ziwa Waishio Ughaibuni

Mtu aliyekulia Mwanza akipiga manati kati ya miamba ya Bugando au Capri Point mara nyingi hufika ughaibuni na dhana mbili kuhusu bunduki ya upepo: ya kwanza, kwamba ni kitu cha kuchezea watoto, ya pili, kwamba iliyo bora ni ile yenye nguvu zaidi. Dhana zote mbili humgharimu, ya kwanza mbele ya sheria na ya pili mbele ya shabaha. Mwongozo huu ni kwa ndugu zetu wa Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu na kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria ambao wamejiunga na klabu za kulenga shabaha huko waliko, au wanafikiria kujiunga, na wanataka kumiliki bunduki yao wenyewe na kuirekebisha mpaka ipige pale inapolengwa. Sizungumzii uwindaji hapa. Nazungumzia karatasi iliyo umbali wa mita 10 hadi 50, na tundu moja juu ya jingine.

Mchezo wenyewe si wa mzaha. Uliingia kwenye Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles, na katika shabaha ya bunduki ya mita 10, alama 10 ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimeta. Bunduki zinazotumika hapo zina mtutu wa milimeta 4.5 na haziruhusiwi kuzidi kilo 5.5, tena nguvu yake ni ndogo kuliko ya bunduki nyingi ambazo watu hununua kwa ajili ya bustani zao. Wanaozitumia wanatafuta kitu kimoja tu: kila peleti, yaani kirisasi kidogo cha bunduki hii, itoke mtutuni kwa mwendo uleule na kwa namna ileile kama iliyoitangulia. Karibu kila ushauri utakaofuata unatokana na hilo.

Sheria ya pale ulipo

Usinunue chochote kabla ya kujua sheria ya nchi, na wakati mwingine ya jimbo, unamoishi. Katika England na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi futi-paundi 12, yaani takriban jouli 16.3, haihitaji leseni kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Ikizidi hapo, sheria huihesabu kuwa silaha ya moto, na kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai. Scotland wana utaratibu wao: tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata ile ndogo huhitaji cheti, kwa hiyo anayehama kikazi kutoka Leeds kwenda Glasgow asiitie tu bunduki ndani ya gari pamoja na masufuria. Ujerumani huruhusu bila leseni ile isiyozidi jouli 7.5, yenye alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Kanada huihesabu kuwa silaha inayohitaji leseni pale inapozidi mita 152.4 kwa sekunde na jouli 5.7 kwa pamoja. Australia hutaka leseni. Marekani haina sheria ya shirikisho inayoihesabu kuwa silaha ya moto, lakini majimbo hutofautiana, na New Jersey huihesabu.

Mipaka hii inamgusa moja kwa moja anayetaka kurekebisha bunduki, kwa sababu nguvu huongezeka kwa mraba wa mwendo. Chukua peleti ya kawaida ya gramu 0.547. Ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde, ina jouli 15.8, nawe uko salama Manchester. Ikitoka kwa mita 245, ina jouli 16.4, na umeshavunja sheria kwa kuzungusha skrubu moja. Tena mpaka huo ni wa bunduki yenyewe wala si wa peleti uipendayo: kwa kawaida bunduki za mtungi huongeza nguvu zikipewa peleti nzito, na za springi huongeza zikipewa nyepesi, hivyo pima kwa aina zaidi ya moja na ubaki chini ya mpaka kwa nafasi ya kutosha. Kipima mwendo, ambacho siku hizi hupatikana kwa bei ya kawaida, kinunuliwe kabla ya bisibisi.

Springi au mtungi

Katika bunduki ya springi, mkono wako hukandamiza springi, nayo ikiachiwa husukuma pistoni, na pistoni husukuma hewa. Haihitaji pampu wala mtungi, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba pistoni nzito hukimbia mbele na kugota wakati peleti ingali mtutuni, kwa hiyo bunduki hutikisika nyuma na mbele, na mtu anayeibana kwa nguvu atatawanya matundu karatasi nzima. Ishikilie kwa ulegevu, iache itikisike itakavyo, lakini itikisike vilevile kila mara.

Bunduki ya mtungi, ambayo madukani huitwa PCP, hubeba hewa iliyoshindiliwa kwa bar 200 au zaidi na haina mtikisiko wa maana. Ni rahisi kulenga nayo, lakini huambatana na gharama za pampu, mtungi wa wapiga mbizi au kompresa. Kwa maoni yangu, mwenye bajeti ndogo ni afadhali anunue springi ya kiwango cha kati iliyotengenezwa vizuri kuliko PCP ya bei ya kutupa itakayovuja hewa kila wiki.

Kurekebisha

Wengi huifungua bunduki kabla ya kukaza skrubu zake. Anza nje. Kaza skrubu za kitako na za vishikio vya darubini kwa kipimo kilekile, safisha mtutu kwa vipande vya pamba mpaka vitoke bila weusi, kisha piga tena ndipo uanze kulalamika. Asilimia kubwa ya bunduki “mbovu” hupona hapo.

Hatua inayofuata ni peleti, na hapa usione uchungu wa fedha. Mtutu mmoja hupenda aina fulani na kuichukia nyingine, bila sababu unayoweza kuisoma kwenye kopo. Nunua aina kadhaa, na pale zinapopatikana kwa ukubwa wa kichwa tofauti, kwa mfano milimeta 4.50, 4.51 na 4.52, zijaribu zote. Kwa mita 10 tumia za kichwa bapa, kwani hukata karatasi kwa tundu safi. Kuanzia mita 25 na kuendelea tumia za kichwa cha mviringo, kwa sababu zile bapa hupoteza mwendo upesi na kuyumba. Kila unapobadili aina, piga kadhaa za kuuzoesha mtutu kabla ya kuhesabu. Kisha piga makundi ya 10, si ya 3, maana risasi 3 zinaweza kukutana kwa bahati tu.

Darubini nayo ina mambo yake. Nyingi za bei nafuu zimewekwa kiwandani ili zione vizuri kwenye takriban mita 90, na ukizielekeza mita 10 picha hufifia na msalaba wa kulengea ulio ndani yake huhama kila jicho lako linaposogea. Hiyo ndiyo paralaksi, na tiba yake ni kununua darubini yenye gurudumu la kurekebisha umbali kuanzia mita 10 au chini ya hapo. Anayetumia springi ahakikishe darubini yake imetengenezwa kwa ajili hiyo, kwani ule mtikisiko wa pande mbili umezivunja darubini zinazostahimili bunduki za baruti. Ili msalaba usikae upande, tundika timazi ya fundi mwashi mbali kidogo, simamisha bunduki sawasawa, na uzungushe darubini mpaka mstari wa wima ufuate uzi.

Kifyatulio kirekebishwe kwa subira. Hatua ya kwanza ya kukivuta iwe ndefu na laini, ya pili iwe fupi na ya ghafla. Ukishamaliza, elekeza mtutu kwenye kizuizi cha risasi, pakia peleti, na ugonge kitako kwa kiganja mara kadhaa. Bunduki ikifyatuka yenyewe, umekilegeza kupita kiasi. Usiifyatue springi bila peleti ndani yake, kwa sababu pistoni hugonga chuma bila mto wa hewa.

Ndani ya springi, kazi kubwa ni kuondoa makwaruzo, kuweka kiongozi cha springi kinachobana vyema na kupaka grisi kidogo mahali panapostahili. Mafuta yakiingia chumba cha hewa huwaka kwa joto la mshindilio kama ndani ya injini ya dizeli, hutoa moshi na mlio mkali, na mwendo wa peleti hauaminiki tena. Springi hukaa ikiwa imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa, kwa hiyo asiye na kibano maalumu cha kuifungulia ampelekee fundi.

PCP isiyo na regyuleta, yaani kifaa kinachosawazisha shinikizo la hewa inayofika kwenye valvu, hukutaka uijue tabia yake. Ijaze hadi bar 200, piga, na uandike mwendo wa kila peleti pamoja na geji inavyoshuka. Mara nyingi utaona mwendo unaanza chini, kwa kuwa hewa nyingi huizuia valvu isifunguke vizuri, kisha unapanda, unatulia na hatimaye kuporomoka. Ule utulivu wa katikati ndio sehemu yako ya kazi. Kama utulivu huo unaanzia bar 170, basi kujaza hadi 200 ni kujisumbua. Tofauti ya mita 6 kwa sekunde, katika bunduki ya mita 240, huachanisha matundu kwa zaidi ya sentimeta 1 juu na chini kwenye umbali wa mita 50, ingawa kwenye mita 10 hutaiona.

Yenye regyuleta hurekebishwa hivi: acha shinikizo la regyuleta lilivyo, ongeza mkazo wa springi ya nyundo, ile inayogonga valvu ifunguke, mpaka mwendo ukome kupanda, kisha ulegeze mpaka mwendo upungue kwa kama asilimia 3. Hapo valvu hutumia hewa kwa uangalifu na mapigo hufanana. Iwapo mwendo huo unavuka mpaka wa sheria, punguza shinikizo la regyuleta na uanze tena, badala ya kuinyima nyundo nguvu. Pigo la kwanza la asubuhi likiwa na mwendo tofauti kabisa na yanayofuata, regyuleta inavujisha hewa polepole usiku, na dawa yake kwa kawaida ni kubadili oringi (pete ya mpira inayozuia hewa isivuje) au kiti cha valvu. Toa hewa yote kabla ya kugusa skrubu yoyote inayozuia shinikizo. Usitumie mafuta ya petroli au ya injini kwenye mfumo huo, tumia ya silikoni. Na usijaze oksijeni kamwe, kwani oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka.

Mwinuko wa mahali nao una kauli. Ziwa letu liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Rotterdam. Katika hewa ya namna hiyo peleti hupungua mwendo polepole zaidi na hupiga juu kidogo kwa umbali mrefu. Pampu ya mkono hudai mapigo mengi zaidi kufikia geji ileile. Na springi hupoteza nguvu kidogo kwa kuwa ina hewa chache ya kushindilia. Anayehama kutoka pwani kwenda Denver, kwenye mita 1,600, atarajie hayo na aiweke darubini upya.

Kizuizi, risasi na mikono

Kizuizi cha nyuma ya karatasi kiwe sanduku lililojaa udongo mfinyanzi au matambara yaliyoshindiliwa. Kamwe kisiwe ukuta mtupu, na goroli za chuma zisitumike kabisa katika bunduki ya shabaha, kwa kuwa huharibu mtutu na hurudi. Sisi tuliokulia kwenye mawe tunajua kokoto ya manati inavyorudi kutoka kwenye mwamba. Peleti nyingi ni za risasi, madini yenye sumu, na kwa watu tunaokula ugali na sato kwa mkono, kunawa kwa sabuni baada ya mazoezi si hiari.

Kwenda nayo nyumbani

Kila Desemba kuna mpwa anayepiga simu: “Mjomba, niletee na ile bunduki yako.” Jibu liwe hapana. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usijidanganye kwamba kitu kisichotumia baruti kitapita uwanja wa ndege kama zawadi ya kawaida. Mwenye sababu ya kweli, kama mashindano, apate jibu la maandishi la Polisi kabla ya kukata tiketi, aulize shirika la ndege na kila nchi atakayounganishia safari, na akumbuke kwamba kibali cha Mwanza hakimvushi hadi Kisumu wala Entebbe. Ikifika, mpwa ataielekeza kwa njiwa na korongo wa Kirumba, na kuwinda bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Saanane, kisiwa kilicho ndani ya jiji, ni hifadhi ya taifa.

Basi iache ughaibuni, lakini iache ipasavyo. Isiwe imekokiwa wala kuwa na peleti. Springi ipakwe mafuta mepesi kwa nje dhidi ya kutu. PCP ibaki na hewa kiasi ili oringi zikae mahali pake. Ifungiwe kabatini, na ufunguo usiachwe kwa mtu unayeishi naye ambaye hana ruhusa ya kisheria ya kuishika, hasa mtoto. Uingereza humwajibisha mmiliki asiyechukua tahadhari ili aliye chini ya miaka 18 asiifikie. Peleti ziwekwe pakavu, mbali nayo. Ukirudi, kaza skrubu upya, pima mwendo kwa mapigo 10, na uhakikishe darubini kwenye karatasi kabla ya kujiandikisha kwa shindano lolote.